Kuvumwani ya Fedha

Leo tutajifunza habari za mmea ambao pengine mmeukanyaga mlipokuwa mkiingia darasani.

Tazama nyufa za njia iliyosakafiwa kwa saruji, au ukingo wa mfereji wa maji. Huenda ukaona kitu kama kipande cha zulia, rangi yake kijani iliyochanganyika na weupe wa kung'aa. Hiyo ni kuvumwani. Zipo kuvumwani za namna nyingi. Hii ing'aayo wataalamu huiita Bryum argenteum. Neno la pili ni la Kilatini, maana yake "ya fedha": fedha ya mkufu, siyo pesa za dukani.

Usiitambue kwa rangi tu, maana chokaa nayo huweza kukudanganya. Bandua kidogo, utazame kwa kioo cha kukuzia. Utaona vijiti vilivyosongamana, ambavyo kwa kawaida havifiki sentimita 1. Majani yake hayazidi milimita 1 au 2, nayo yamelaliana kama makuti ya paa. Ukiona gamba tu lisilo na majani, siyo hiyo.

Sasa tia tone la maji. Weupe utapungua, kijani kitazidi. Kwa nini? Sehemu ya juu ya jani haina ile rangi ya kijani ambayo mimea hutumia kujitengenezea chakula. Jani likikauka hujibana kwenye kijiti, na zile ncha nyeupe ndizo zinazong'aa. Mmea haukufa, unangoja mvua.

Hauna mizizi kama mahindi, ila nyuzi za kujishikiza, na majani yenyewe hunywa maji. Maua hauna, wala mbegu. Kipande kilichovunjika, kikinasa katika kiatu, chaweza kuota kwingine. Ndiyo maana umeenea miji mingi ya dunia. Hata Antaktika upo.

Mwenye nyumba akiuona ukutani hushika panga akakwangua. Utarudi tu. Heri kwanza atafute maji yanakotoka. Labda mfereji wa paa umetoboka.

Kazi yenu juma hili: andika sentensi tano juu ya kuvumwani uliyoiona, yaani mahali, urefu, umbo la majani, rangi ikiwa kavu, na rangi ikilowa. Mpe mwenzako karatasi hiyo aende kuitafuta peke yake. Asipoiona, someni pamoja mjue ni sentensi gani iliyompoteza.