Usimuue nyoka wako kwa shibe

Wengi wetu tukisikia kwamba nyoka wa kufugwa amekufa, wazo linalotujia kwanza ni kuwa alinyimwa chakula. Kwa boa aliyekomaa, mara nyingi mambo huwa kinyume. Nyoka huyu huweza kuvumilia njaa kwa majuma mengi, lakini kulishwa kupita kiasi humwangamiza polepole bila mwenyewe kutambua.

Boa ni nyoka wa bara la Amerika, kuanzia Mexico hadi Argentina. Kwa umbo anafanana na chatu wetu wa Afrika, ila chatu hutaga mayai naye boa huzaa watoto walio hai. Hana sumu. Aliyekomaa huwa na urefu wa kama mita 2 hadi 3, na jike humshinda dume kwa ukubwa. Huko Marekani na Ulaya, ni miongoni mwa nyoka wanaofugwa sana majumbani.

Hapa Kenya nyoka si mnyama wa kuwekwa nyumbani kiholela. Sheria ya wanyamapori ya mwaka wa 2013 inahitaji kibali cha Shirika la Huduma kwa Wanyamapori (KWS), na boa yumo pia katika orodha ya mkataba wa kimataifa wa CITES, unaosimamia biashara ya wanyama na mimea. Mawaidha haya basi ni ya wenye vibali na ya wasomaji walio na jamaa ughaibuni wanaofuga nyoka. Ni ya mzazi pia, ambaye mtoto wake ametoka kwenye Bustani ya Nyoka ya Makumbusho ya Nairobi na kuuliza, "Huyu hula nini, na hula lini?"

KWA NINI CHAKULA KIDOGO HUMTOSHA

Wewe na mimi hutumia sehemu kubwa ya chakula tunachokula ili kuuweka mwili katika joto lake. Nyoka hafanyi hivyo. Joto lake hutoka nje, kwenye jua au kwenye taa aliyowekewa. Kwa sababu hiyo, mlo mmoja huweza kumfikisha mbali.

Tuseme boa wako ana uzito wa kilo 4. Panya mmoja wa gramu 300, kila baada ya wiki 4, anamtosha. Kwa mwaka mzima atakula mara 13 tu, jumla ya karibu kilo 4, yaani takriban uzito wake mwenyewe. Sasa mfikirie mfugaji anayemhurumia na kumpa panya huyo kila wiki. Kwa mwaka atakuwa amemlisha zaidi ya kilo 15! Nyoka hatakataa. Porini hajui atapata windo lini tena, kwa hiyo maumbile yamemfunza kula kila anapopata.

Ziada hiyo yote hugeuka mafuta. Hukusanyika tumboni, huvamia ini na kuulemea moyo. Boa mnene huwa mzito wa kusogea, jike hupata taabu katika uzazi, na maisha yake hufupishwa. Hasara hiyo si ndogo, kwani boa aliyetunzwa vyema huishi miaka 20 na zaidi. Mmoja aliyekuwa katika bustani ya wanyama ya Philadelphia, Marekani, alikufa mwaka wa 1977 akiwa amepita umri wa miaka 40.

UTAMJUAJE ALIYENENEPA?

Mtazame akiwa ametulia. Boa mwenye afya ni bapa kidogo upande wa chini na mviringo ubavuni, kama mkate. Ukimpapasa mgongoni unahisi uti wa mgongo, lakini haujachomoza.

Aliyenenepa huonyesha ngozi katikati ya magamba hata kama hajala, na hufanya mikunjo ya nyama anapojipinda. Uti wa mgongo huzama na kuacha kijifereji, nao mkia huonekana mwembamba ghafla unapoungana na kiwiliwili. Aliyekonda naye mgongo wake huchongoka na ngozi hulegea ubavuni.

Ukiona dalili za unene, usimfungishe ghafla kwa miezi kadhaa. Mpunguzie ukubwa wa windo, refusha muda baina ya mlo na mlo hadi wiki 5 au 6, na umwekee matawi imara ya kupanda ili ajinyooshe. Mpime kwa mizani kila mwezi na uandike. Daktari wa mifugo anayewafahamu nyoka ndiye anayefaa kukuongoza.

ALISHWE NINI?

Chakula bora cha boa ni mnyama mzima: panya wa kufugwa, na kwa boa mkubwa sana, sungura mdogo. Tunasisitiza neno "mzima" kwa kuwa kalsiamu imo mifupani, na vitamini zimo katika ini na viungo vingine vya ndani. Nyama ya kununuliwa buchani, hata iwe nzuri namna gani, haina mifupa wala maini hayo. Nyoka atashiba, lakini mifupa yake itadhoofika. Maziwa, mayai ya kukaanga na mabaki ya mezani hayamhusu kabisa.

Kuhusu ukubwa, windo lisiwe nene kuliko sehemu iliyo nene zaidi ya mwili wa nyoka, wala uzito wake usizidi sehemu moja ya kumi ya uzito wake.

Onyo kwa wakazi wa mijini: usimpe panya aliyenaswa mtaani. Huenda panya huyo amekula sumu ya panya, na sumu hiyo itamfikia nyoka. Pia hubeba minyoo na viini vya maradhi.

Hali kadhalika, usimtupie panya aliye hai ukaenda zako. Panya aliyebanwa hung'ata, na wako nyoka waliopoteza jicho au kupata vidonda vibaya kwa njia hiyo. Wafugaji wengi hutumia panya waliouawa bila mateso na kugandishwa kwenye friza. Mtoe panya friza, myeyushe kwenye friji usiku kucha, kisha mtie ndani ya mfuko wa plastiki na kumtumbukiza katika maji ya moto kiasi hadi apate joto la mwili. Usitumie mikrowevu, kwani humpika upande mmoja na kuacha barafu upande mwingine. Aliyekwisha kuyeyuka asirudishwe friza.

BAADA YA KULA

Mpe windo kwa koleo refu, kamwe usitumie mkono. Na mbele ya boa wa zaidi ya mita 2, usiwe peke yako. Utafiti uliochapishwa mwaka wa 2015 na wanasayansi wa Marekani ulionyesha kwamba boa humuua panya kwa kuzuia mzunguko wa damu, wala si kwa kumnyima pumzi tu kama ilivyodhaniwa zamani. Kwa sababu hiyo, tabia ya kumvisha mtu nyoka shingoni ili apigwe picha ni hatari.

Akishameza, mwache kwa siku mbili au zaidi bila kumshika. Upande mmoja wa kizimba chake uwe na joto la nyuzi 30 hadi 32 za Selsiasi, na upande wa pili nyuzi 24 hadi 27, ili achague mwenyewe. Bila joto, chakula huozea tumboni na nyoka hutapika. Maji safi yawepo wakati wote.

Akitapika, usikimbilie kumlisha tena. Asidi ya tumbo lake imepungua na koo limechubuka. Ngoja wiki 2, kisha mpe windo dogo, nusu ya lile la kawaida. Akitapika mara ya pili, mpeleke kwa daktari bila kukawia.

Je, akikataa kula? Usishtuke. Boa hususia chakula anapokaribia kujivua gamba, katika msimu wa kujamiiana, au kunapokuwa na baridi. Kagua kipimajoto kwanza. Kama hapotezi uzito, subiri. Lakini akipungua uzito, akitoa ute mdomoni au akipumua kwa kukoroma, huyo ni mgonjwa.

LINDA PIA WATU WA NYUMBANI

Nyoka mwenye afya huweza kubeba bakteria za salmonela bila kuugua, na kuzitoa katika kinyesi chake. Panya wa friza pia huweza kuwa nazo, kwa maana baridi haiziui zote. Kwa binadamu bakteria hizo huleta homa, kuumwa tumbo na kuhara, na kwa mtoto mchanga huweza kuingia katika damu na kumuua. Huko Marekani, tishio la salmonela lilifanya serikali kupiga marufuku uuzaji wa kasa wadogo wa kufugwa tangu mwaka wa 1975.

Wataalamu wa afya wanashauri kwamba nyumba yenye mtoto wa chini ya miaka 5, mzee aliyepita miaka 65 au mtu ambaye kinga yake ya mwili ni dhaifu isifugwe nyoka wala mjusi. Ukiwa naye, zingatia haya:

- Usiyeyushe panya jikoni, wala usioshee vyombo vya nyoka katika sinki la vyombo vya chakula. Tenga beseni lake.

- Panya wa nyoka wasichanganywe na nyama ya familia katika friza. Wawe na chombo chao chenye kifuniko.

- Nawa mikono kwa sabuni na maji yanayotiririka kila umgusapo nyoka, panya au kizimba.

- Usimbusu nyoka, wala usimruhusu atambae mezani au kitandani.

Mwisho, tundika kalenda karibu na kizimba na uandike tarehe ya kila mlo, uzito wa windo na uzito wa nyoka. Siku utakapomwona amenyanyua kichwa kana kwamba anakuomba, itazame kalenda kabla ya kufungua friza. Iwapo wiki 4 hazijatimia, mwache apumzike.