Kufuli moja, data kibao: FreeBSD inafanyaje?

Ukitazama filamu Netflix, seva inayokutumia video hiyo inaendeshwa na FreeBSD. Ndani ya kiini cha mfumo huo, kazi nyingi hugombania data ileile. Mbili zikiiandika kwa pamoja, inaharibika. Ndiyo maana kuna kufuli iitwayo myuteksi: anayeishika anaandika, wengine wanasubiri.

Shida ni kwamba data ndogondogo ni nyingi mno. Kila moja ikipewa kufuli yake, memori inaliwa bure. FreeBSD ikaweka kapu la kufuli za pamoja: anwani ya data kwenye memori ndiyo huamua itumike ipi.

Ila kuna sharti: usishike mbili za kapu kwa wakati mmoja. Mpangilio wa kuzishika hauna uhakika, na kazi mbili zinaweza kubaki zikisubiriana. Hapo mfumo unakwama.