Homa ya sindano, homa ya mbu

Mama anayeuza omena katika soko la Sofia, Busia ya Uganda, hahitaji kufundishwa malaria. Ameugua tangu utotoni, amewauguza wanawe, na dawa yake anaitambua kwa pakiti. Nagongera, katika wilaya jirani ya Tororo, watafiti waliotega mbu majumbani mwanzoni mwa miaka ya 2010 walikadiria kuwa mtu mmoja alikuwa akiumwa na mbu wenye vimelea mara 310 kwa mwaka. Karibu kila usiku, basi.

Na kwa kuwa mbu ni wa kila usiku, malaria haitishi. Kinachotisha ni sindano ya chanjo yake. Mbu hajulikani aliingilia dirisha gani. Homa ya chanjo huja jioni ileile, na aliyembeba mtoto mgongoni hadi kliniki ni mama mwenyewe. Baba akirudi na kuuliza kulikoni, wa kujibu ni yeye. Sioni ujinga hapo. Naona hesabu ya mtu atakayelaumiwa.

Kenya ilianza kuchanja dhidi ya malaria Septemba 2019, Busia ya Kenya, ng'ambo ya mpaka, ikiwa miongoni mwa kaunti nane, tena katika baadhi ya maeneo kwanza ili yalinganishwe na mengine. Kwa mtafiti huo ni utaratibu. Mzazi ana haki ya kuuliza kwa nini mwanawe ndiye atangulie, hasa akikumbuka 2014, maaskofu Wakatoliki walipodai kuwa chanjo ya pepopunda inafunga kizazi. Serikali na Shirika la Afya Duniani walikanusha, lakini neno lilikuwa limeshafika sokoni.

Tathmini ya Kenya, Ghana na Malawi ilionyesha vifo vya watoto wa umri wa chanjo, ukiacha vya ajali, vimepungua kwa asilimia 13. Ila mtoto aliyenusurika hana alama usoni. Anayeonekana ni aliyechanjwa akaugua hata hivyo, maana chanjo hii hupunguza malaria, haiimalizi. Jirani hachelewi: “Si nilikwambia?”

Uganda ilifuata Aprili 2025, mkononi ikiwa na sheria ya 2017 inayoweza kumfunga mzazi anayekataa chanjo. Sheria haishushi joto usiku wa manane. Muuguzi anayemwambia mama mapema kuwa mwili utachemka, na la kufanya ukichemka, ana nguvu kuishinda.

Inayokoswa sana ni dozi ya nne. Kenya ilipoanza iliiweka miezi 24. Uganda, miezi 18. Kufikia hapo mtoto anatembea, mama amerudi sokoni, na kadi ya chanjo iko ng'ambo ya mpaka, sandukuni kwa bibi.