Kabla ya Kununua Kompyuta ya Gemu, Ifungue Kwanza

Anayetafuta kompyuta ya gemu hakosi washauri. Mmoja atamwambia anunue vifaa kimoja kimoja afunge mwenyewe, maana ndiyo nafuu. Mwingine atamwambia achukue iliyokwisha fungwa, aepukane na presha. Wote wawili wanabishana kuhusu bei, na bei ya vifaa hivi haitulii. Mwaka 2021 kadi za grafiki ziliadimika dunia nzima, baadhi zikichotwa na wachimbaji wa sarafu za kidijitali, hata wapo walionunua kompyuta nzima ili tu wapate kadi iliyomo ndani. Septemba 2022 mtandao wa Ethereum ukaachana na uchimbaji wa kutumia kadi hizo, na soko likalegea. Mwishoni mwa 2025 ikawa zamu ya RAM kupanda, kwa kuwa viwanda vilielekeza chipu zao kwenye vituo vya data vya akili mnemba. Ukichagua kwa kuangalia bei ya leo pekee, jibu lako litachakaa kabla ya kompyuta yenyewe. Kuna swali linalodumu zaidi: kifaa kimoja kikiungua miaka mitatu ijayo, utaweza kupata mbadala wake hapo ulipo na kuuchomeka?

Swali hilo lina jibu zuri kwa sababu ya historia. IBM ilipotoa kompyuta yake binafsi mwaka 1981, iliiunda kwa vifaa vingi vya kampuni nyingine, na washindani wakaweza kutengeneza mashine zinazolingana nayo. Mwaka 1995 Intel ikatoa kanuni za ATX, zinazoeleza ukubwa wa ubao mama, matundu ya skrubu yakae wapi, na pawa saplai iwe na umbo gani. Ndiyo maana leo pawa saplai ya kampuni moja inaingia kwenye kasha la kampuni nyingine bila kukata wala kuchomelea. Anayefunga mwenyewe anaupata uhuru huo hata kama hajawahi kuisikia ATX, kwani vifaa vinavyouzwa rejareja karibu vyote vinaufuata mtindo huo au ndugu zake wadogo. Faida yake huonekana baadaye. Bao mama nyingi za AMD za soketi ya AM4 zilizonunuliwa mwaka 2017, baada ya kusasishwa programu zake za ndani, zilikubali prosesa ya Ryzen 7 5800X3D iliyotoka 2022. Mwenye ubao huo alibadilisha kifaa kimoja, vingine vikabaki.

Sasa tazama aina ya kompyuta inayouzwa sana madukani Nairobi na Dar es Salaam: ile iliyostaafishwa maofisini ng'ambo, kama Dell OptiPlex au HP EliteDesk, ikaongezwa kadi ya grafiki na kupewa jina la kompyuta ya gemu. Ni mashine imara, na kwa gemu nyepesi inatosha kabisa. Lakini ukifungua ubavu wake utaona kwa nini mara nyingi kadi yenyewe ni ndogo, mfano GTX 1650 isiyohitaji waya wa ziada. Nafasi ya kadi kwenye ubao hutoa wati 75 tu, na pawa saplai ya matoleo membamba huwa na wati mia mbili hivi. Ukitaka kadi kubwa, unahitaji pawa saplai kubwa. Na hapo mara nyingi utakuta ubao hauna soketi ya kawaida ya pini 24, bali ya pini sita au nane za mtindo wa kampuni hiyo. Kasha nalo, hasa la matoleo membamba, halipokei pawa saplai ya kawaida. Bei ya mwanzo ilikuwa ndogo kweli, ila ngazi ya kupandia haipo.

Pawa saplai inastahili jicho la pekee kwetu, kwa sababu umeme wetu hupanda, hushuka na kukatika. Zile za bei ya chini huwa na swichi nyekundu nyuma yenye alama za 115 na 230. Ikiachwa kwenye 115 kisha ikachomekwa kwenye umeme wetu, hulipuka papo hapo. Iliyo bora hupokea kuanzia volti 100 hadi 240 bila swichi yoyote. Hata hivyo tangazo la kompyuta iliyofungwa hutaja prosesa na kadi kwa herufi kubwa, na pawa saplai hunyamaziwa. Hapo ndipo muuzaji anapobana gharama. Mahali pengine ni RAM: kipande kimoja cha GB 16 badala ya viwili vya GB 8, ingawa viwili hufanya kazi sambamba na kuipa prosesa data kwa kasi zaidi.

Mtetezi wa iliyofungwa ana hoja mbili nzito. Ya kwanza ni kwamba kompyuta nzima ina waranti moja na mlango mmoja wa kubisha, ilhali aliyejifungia lazima agundue mwenyewe kilichoharibika. Ni kweli, mradi mlango wenyewe uko mjini kwako. Kompyuta iliyoletwa na ndugu kutoka Dubai au Marekani mara nyingi waranti yake imebaki huko huko, na nauli ya kuirudisha inaweza kumeza faida yote. Hoja ya pili ni hofu ya kuharibu: pini za soketi nyingi za prosesa ni nyembamba mno, na kidole kikizigusa vibaya ubao mama umekwenda. Hofu hiyo haikulazimishi kununua kasha usilolijua ndani. Nunua vifaa mwenyewe, umlipe fundi avifunge mbele yako.

Kwa hiyo kujifungia kuna faida kwa wengi, hata pale kunapogharimu zaidi kidogo, kwa kuwa kunamwachia mtu mashine inayotengenezeka. Asiyetaka kazi hiyo anaweza kuipata faida ile ile dukani, akikubali kuwa mteja msumbufu. Amwombe muuzaji afungue ubavu wa kasha. Aulize pawa saplai ni ya nani na ina wati ngapi, kama ubao una soketi ya pini 24, RAM ni vipande vingapi, na waranti iliyoandikwa inaheshimiwa na duka gani. Muuzaji akikataa kufungua, pesa ibaki mfukoni.