Filta ya AC: Kazi ya dakika kumi inayolipiwa kama ukarabati

Na Mwandishi Wetu, Dar es Salaam

MSIMU wa joto unapoingia Dar es Salaam, kuanzia Desemba hadi Machi, wenye magari wengi hukimbilia huduma moja: kujaza gesi ya AC. Hewa imepungua, abiria wanalalamika, dereva anafungua vioo na kumeza vumbi la barabarani. Fundi anaitwa, gesi inajazwa na fedha inatoka. Baada ya wiki chache tatizo ni lile lile.

Mwandishi wa safu hii naye alipita njia hiyo. Gari lake dogo aina ya Toyota lilijazwa gesi mara mbili katika msimu mmoja kwenye gereji moja ya jijini, na mara ya tatu akaambiwa kwamba kompresa imechoka, itafutwe nyingine. Kabla hajatoa fedha hiyo, jirani yake anayeendesha teksi alimuuliza swali moja: "Ndugu yangu, filta ya AC umeiangalia lini?" Jibu ni kwamba haikuwahi kuangaliwa tangu gari litoke bandarini. Kilichochomolewa nyuma ya kikabati cha dashibodi kilifanana na mkeka wa vumbi na majani makavu. Ilinunuliwa filta mpya, na kompresa hadi leo ni ile ile.

Ukurasa huu kwa kawaida hushughulika na bei za bidhaa sokoni. Wiki hii tunaitazama bidhaa hii ndogo kwa sababu mnunuzi asiyeijua hupata hasara mara tatu: hulipia tatizo ambalo gari halina, hulipia ufundi ambao angeweza kuufanya mwenyewe, na huenda akauziwa filta isiyo ya gari lake.

FILTA MBILI, KAZI MBILI

Magari mengi ya sasa yana filta mbili za hewa, na ni muhimu zisichanganywe. Ya kwanza ni ya injini. Hiyo hukaa chini ya boneti ndani ya boksi la plastiki na husafisha hewa inayokwenda kuchomwa pamoja na mafuta. Ya pili ndiyo filta ya AC, inayosafisha hewa wanayovuta watu walio ndani ya gari. Filta hizi za pili zilianza kuenea katika magari miaka ya 1990.

Hewa ya nje huingilia kwenye matundu yaliyo chini ya kioo cha mbele, karibu na waipa. Hupita kwenye filta, ikavutwa na feni, kisha ikapitishwa kwenye evaporeta, yaani kile kifaa chenye mapezi membamba ya chuma kinachopoza hewa, na mwisho ikatokea kwenye matundu ya dashibodi. Katika magari mengi madogo ya Kijapani hata hewa ya ndani inayozungushwa hupita kwenye filta hiyo hiyo. Kwa hiyo ikiziba, hakuna hewa itakayopita vizuri, hata feni ikizungushwa hadi namba ya mwisho.

Hapa ndipo mwenye gari anapoweza kujipima mwenyewe kabla ya kumwita fundi. Ikiwa hewa inayotoka ni ya baridi lakini ni kidogo, anza na filta. Ikiwa hewa ni nyingi lakini si ya baridi, hapo ndipo lawama huelekea kwenye gesi, kompresa au sehemu nyingine za mfumo. Feni mbovu nayo hupunguza hewa, lakini filta ndiyo rahisi kuangalia, hivyo ianze yenyewe. Dalili nyingine ni harufu ya uvundo AC inapowashwa, kioo cha mbele kuchelewa kuondoa ukungu wakati wa mvua, na feni kuvuma kwa nguvu huku hewa ikitoka kidogo.

Wako wauzaji wanaodai kwamba filta hii ikibadilishwa gari litapunguza ulaji wa mafuta. Msomaji asinunue kwa sababu hiyo. Hewa inayopita hapa haiendi kwenye injini.

HESABU YA MUDA

Watengenezaji wengi hushauri filta hii ibadilishwe kila baada ya kilomita 15,000 hadi 30,000, au mara moja kwa mwaka. Penye vumbi jingi inafaa kuwahi. Kwa barabara zetu, ambako mitaa mingi bado ni ya udongo na lami yenyewe ina mchanga pembeni, busara ni kushika kiwango cha chini na kuikagua kila miezi mitatu au minne.

Tuchukue mfano wa magari mawili. Teksi inayokwenda kilomita 150 kwa siku hutimiza kilomita 15,000 kwa siku 100 za kazi. Ikifanya kazi siku 26 kwa mwezi, hizo hazifiki miezi minne. Gari la mfanyakazi linalokwenda kilomita 30 kwa siku, kwa siku 26 za mwezi, huhitaji takriban miezi 19 kufika huko. Huyo afuate kalenda, abadilishe kila mwaka.

Sasa tuweke fedha. Tuseme, kwa mfano tu, filta inauzwa Sh. 25,000 na fundi anatoza Sh. 10,000 kuibadilisha. Mwenye teksi analipia filta Sh. 250 kwa kila siku ya kazi. Lakini kwa kuwa anabadilisha mara tatu kwa mwaka, ufundi peke yake unamgharimu Sh. 30,000. Akiifanya kazi hiyo kwa mikono yake, fedha hiyo inanunua filta nyingine na chenji ya Sh. 5,000 inabaki. Msomaji aweke bei za duka na gereji anazozifahamu. Sura ya hesabu haitabadilika sana.

Gharama kubwa zaidi ni ya yule anayeamua kuitoa filta chafu na kuendesha bila kitu. Kweli, siku hiyo hewa itatoka kwa wingi. Lakini evaporeta huwa na unyevunyevu wakati AC inafanya kazi, na vumbi likikutana na maji huwa tope. Tope hilo huziba mapezi na kuleta uvundo, na katika magari mengi kuifikia evaporeta ni lazima dashibodi ifunguliwe. Hapo hatuzungumzi tena juu ya kazi ya dakika kumi.

NAMBA KWANZA, DUKA BAADAYE

Mnunuzi anayekwenda Kariakoo na kusema "nipe filta ya Toyota" amekwisha kushindwa kabla ya kutaja bei. Gari la jina moja linaweza kuwa na matoleo kadhaa, na filta hutofautiana urefu, upana na unene. Njia ya uhakika ni kwenda na namba ya chesisi, au na filta ya zamani yenyewe mkononi, au na namba ya spea iliyoandikwa ubavuni mwake.

Kwa Toyota, namba ya spea ya filta ya AC huanza na tarakimu 87139, wakati ile ya filta ya hewa ya injini huanza na 17801. Tarakimu hizo tano tu zinatosha kumzuia muuzaji mwenye haraka asikupe ya injini ukaenda nayo nyumbani.

Sokoni zipo za aina tatu. Kwanza ni zile halisi zenye jina la mtengenezaji wa gari. Pili ni za makampuni ya spea yanayojulikana, kama Denso, Bosch na Mann-Filter. Tatu ni zisizo na jina la maana, ambazo huwa na bei ndogo kuliko zote. Si kila ya bei ndogo ni mbovu, na si kila boksi lenye jina kubwa lina kitu halisi ndani. Fungua boksi dukani. Angalia kama mikunjo imepangwa sawasawa na imesimama bila kulegea, kama fremu haijapinda, na kama ukingo umekamilika pande zote. Iweke juu ya ile ya zamani: ikiwa pungufu hata kidogo, hewa itapita pembeni na vumbi litapita nayo.

Zipo pia zenye mkaa maalumu ndani, ambazo hupunguza harufu na baadhi ya gesi pamoja na kuzuia vumbi. Bei yake huwa juu. Kwa mtu anayeshinda kwenye foleni nyuma ya malori ya dizeli, nyongeza hiyo ina maana. Lakini rangi nyeusi peke yake si uthibitisho wa mkaa, na hata yenye mkaa haizuii gesi ya kaboni monoksaidi. Asijidanganye mtu kulala ndani ya gari linalounguruma kwa sababu ameweka filta nzuri.

Dai risiti. Mwenye biashara ya usafiri anayetunza vitabu vya hesabu anaihitaji kama ushahidi wa gharama, na mnunuzi yeyote anaihitaji siku atakaporudisha bidhaa isiyofaa.

JINSI YA KUIBADILISHA

Maelezo haya ni ya magari mengi madogo ya Kijapani, ambayo filta yake iko nyuma ya kikabati cha dashibodi mbele ya abiria. Kwa magari yetu yenye usukani kulia, huo ni upande wa kushoto. Baadhi ya magari ya Ulaya huiweka chini ya boneti karibu na kioo cha mbele. Kitabu cha gari ndicho cha mwisho katika jambo hili.

Zima injini na utoe ufunguo. Toa vitu vyote kikabatini, tandika gazeti la zamani sakafuni, na ujifunge kitambaa au barakoa puani, hasa ikiwa una pumu.

Fungua mlango wa kikabati. Pembeni mwake mara nyingi pana kamba au mkono mdogo wa plastiki unaouzuia usianguke, uchomoe taratibu. Kisha bana kuta mbili za kikabati kuelekea ndani ili vishikizo vyake vipite, nacho kitashuka. Katika magari mengine kimefungwa kwa skrubu, na hapo ndipo bisibisi inapohitajika. Plastiki ya gari la miaka mingi huvunjika upesi, kwa hiyo mahali panapokataa pasilazimishwe. Ukiona nyaya zenye viungio vya rangi ya njano, usiziguse. Hizo kwa kawaida ni za mfuko wa hewa wa usalama.

Utaona kifuniko chembamba cha mstatili. Bonyeza vibano vyake na ukitoe. Kabla ya kuivuta filta, angalia mshale au maandishi yake yameelekea wapi, na ikiwezekana piga picha kwa simu. Ivute polepole ikiwa imelala vile vile, ili takataka zisidondokee kwenye feni.

Sasa ikague juani. Ikiwa mwanga bado unapenya katika mikunjo na vumbi ni la kijuujuu, inaweza kurudishwa ikaangaliwa tena baada ya miezi michache. Ikiwa imekuwa nyeusi au kahawia, ina unyevu, ina harufu, imechanika au ina dalili za panya, muda wake umekwisha. Kuipuliza kwa upepo wa kompresa ya gereji au kuifua kwa sabuni si uchumi: nyuzi zake hufumuka, na matundu yanayobaki hupitisha lile vumbi dogo lililokuwa likizuiwa.

Futa ndani ya nafasi yake kwa kitambaa chenye unyevu kidogo. Ingiza mpya kwa mwelekeo ule ule wa mshale, bila kuikunja. Rudisha kifuniko, kikabati na ile kamba yake. Washa gari, fungulia feni hadi mwisho na usikilize: hewa itoke kwa nguvu bila mlio wa kitu kinachogonga. Andika tarehe na kilomita kwenye karatasi uiache kikabatini.

KAMA HAKUNA KITU NDANI

Baadhi ya wasomaji watafungua na kukuta nafasi tupu. Yapo magari yaliyotoka kiwandani yakiwa na nafasi ya filta bila filta yenyewe, na yapo ambayo mmiliki wa kwanza au fundi aliitoa asirudishe. Kama gari lako lina nafasi hiyo, ulizia namba ya spea inayolingana na chesisi, ununue na uiweke.

Kwa atakayeendelea kumtegemea fundi, hakuna ubaya, ila awe karibu kazi inapofanyika. Aione filta ya zamani ikichomolewa kwenye gari lake mwenyewe, si kuletewa chafu iliyokwisha kutolewa kwingine, na aione mpya ikitoka kwenye boksi. Na msimu ujao wa joto, AC itakapolegea, aanze na kikabati kile kabla ya kukubali hesabu ya gesi.