Siku kumi za Machi: Kony, Country Bus na video ya Rwampara

Jumamosi ya tarehe 10 Machi 2012, giza likiwa limeshaingia, maguruneti yalirushwa kutoka kwenye gari lililokuwa likipita kando ya kituo cha mabasi cha Machakos jijini Nairobi, kile ambacho wengi wetu hukiita Country Bus. Watu wasiopungua sita waliuawa na makumi wakajeruhiwa. Kwa watu wa Kola na Kalama nzima, huku kwetu Machakos, kituo hicho ni mlango wa Nairobi. Hapo ndipo jamaa zetu hushuka asubuhi wakitafuta kazi na kurudi jioni wakitafuta gari la nyumbani. Usiku ule simu za Ukambani hazikulala, kila nyumba ikimsaka mtu wake.

Shirika la habari la CNN lilipotangaza tukio hilo, maandishi chini ya skrini yalisema kuna ghasia nchini Kenya, kana kwamba nchi nzima inawaka moto. Wakenya walijibu kwenye Twitter kwa hashtegi ya #SomeoneTellCNN, na mwandishi wa shirika hilo aliyekuwa Nairobi akakubali kwamba maandishi yale hayakuwa sahihi. Wengi hukumbuka hasira ile kama mzaha mkubwa wa mtandaoni. Mimi naikumbuka kama kilio cha watu waliokuwa bado wanazika, huku mtu wa mbali akiiambia dunia msiba wao ni wa aina gani.

Juma hilohilo dunia ilikuwa inazungumzia msiba wa majirani zetu. Tarehe 5 Machi, shirika la Invisible Children la San Diego, Marekani, lilitoa filamu ya nusu saa iliyoitwa KONY 2012. Kwa siku sita ilitazamwa mara milioni 100, kasi ambayo mtandao ulikuwa haujawahi kuishuhudia. Msimuliaji wake, Jason Russell, alimweka mwanawe mdogo mbele ya kamera na kumweleza mtu mbaya ni nani: Joseph Kony, kiongozi wa Lord's Resistance Army, aliyewateka watoto wa kaskazini mwa Uganda na kuwafanya wauaji. Watazamaji waliombwa wamfanye Kony ajulikane kote, wanunue mkoba wa dola 30 wenye bangili na mabango, wawabane watu mashuhuri 20 na watunga sera 12, kisha usiku wa tarehe 20 Aprili wabandike sura ya Kony katika kila mji. Nia yao kuu ilikuwa kuhakikisha kwamba washauri wa kijeshi wapatao 100, ambao Rais Barack Obama alikuwa ametangaza Oktoba 2011 kuwatuma kusaidia kumsaka Kony, hawarudishwi nyumbani kabla ya kazi kwisha.

Uovu wa Kony haukuwa wa kubuni. Mahakama ya Kimataifa kuhusu Jinai, ICC, ilikuwa imetoa hati ya kumkamata mwaka 2005. Kosa la filamu lilikuwa jingine. Kony na watu wake walikuwa wameshaondoka Uganda kufikia mwaka 2006, na mwaka 2012 waliokuwa wakiumia ni wanavijiji wa Kongo, Jamhuri ya Afrika ya Kati na Sudan Kusini. Filamu ilipitia jambo hilo kwa haraka, na mtazamaji wa Ohio akabaki na picha ya Gulu ya mwaka 2003, enzi za watoto waliotembea maili nyingi kila jioni kwenda kulala mjini wasitekwe. Waziri Mkuu wa Uganda wa wakati huo, Amama Mbabazi, alilazimika kurekodi video yake mwenyewe kuieleza dunia kwamba nchi yake ina amani na Kony hayumo. Mwanahabari wa Uganda Rosebell Kagumire naye alijirekodi akipinga jinsi Waafrika walivyosimuliwa kama watu wasioweza kujisaidia. Hakuna aliyeikaribia hesabu ya milioni 100.

Tarehe 13 Machi filamu hiyo ilionyeshwa Lira, kaskazini mwa Uganda, kwenye uwanja wa wazi. Onyesho liliandaliwa na AYINET, shirika la vijana lililoongozwa na Victor Ochen, aliyekulia katika kambi za wakimbizi wa vita hivyohivyo. Maelfu walikuja, baadhi wakiwa wametembea kutoka vijijini, kwa sababu walikuwa wamesikia dunia nzima inaitazama habari yao. Walichokiona ni baba wa Kimarekani na mtoto wake, pamoja na umati wa vijana wa ng'ambo wakishangilia chini ya jina la mtu aliyewachinjia ndugu zao. Walikasirika. Mawe yakarushwa, onyesho likakatizwa, na AYINET ikasitisha mpango wa kuipeleka filamu miji mingine.

Watu wa Lira hawakuwa wageni wa kampeni. Karibu na mji huo, usiku wa kuamkia tarehe 10 Oktoba 1996, waasi walivamia shule ya wasichana ya St. Mary's, Aboke, na kuondoka na wanafunzi 139. Mtawa Mwitaliano, Sista Rachele Fassera, aliwafuata porini akiwa na mwalimu mmoja, bila silaha yoyote, akawakuta na kuwabembeleza. Walimwachia wasichana 109. Wale 30 waliobaki, Sista alitakiwa awaache papo hapo, wakimlilia.

Wazazi wa wale 30 hawakukaa kimya. Walianzisha chama cha wazazi, Concerned Parents Association, na mmoja wa viongozi wake, mkunga Angelina Atyam, ambaye binti yake alikuwa miongoni mwa waliotekwa, alizunguka kutoka redio hadi kanisa hadi ofisi za Umoja wa Mataifa, akidai watoto wote warudishwe. Alidai pia jambo ambalo wengi hawakulitaka: msamaha kwa wapiganaji, kwa kuwa wengi wao walikuwa watoto waliotekwa kama binti yake. Kelele zake zilimfikia Kony. Waasi wakamtumia ujumbe: acha kampeni, tutakurudishia binti yako. Atyam alikataa. Alisema hawezi kumpokea wake peke yake ilhali watoto wa wenzake wamebaki porini. Mwaka 1998 Umoja wa Mataifa ulimtunukia tuzo ya haki za binadamu. Binti alitoroka miaka kadhaa baadaye, ameshakuwa mama.

Kila ninapofikiria kampeni za kusisimua dunia, namfikiria mama huyu. Alikuwa na kila kitu ambacho filamu ya Russell ilikitafuta kwa muziki na picha za kupendeza. Tena alilijua jambo ambalo mwenye simu aliye mbali halijui: kwamba askari wa Kony anayelengwa na bunduki za washauri wa kijeshi anaweza kuwa mwanafunzi wa Aboke. Karibu miaka 16 baada ya Aboke, watu wa mji wake walionyeshwa kampeni iliyohusu watoto wao, nao hawakuombwa chochote humo.

Siku moja baada ya mawe ya Lira, tarehe 14 Machi 2012, ICC ilitoa hukumu yake ya kwanza kabisa tangu kuanzishwa. Majaji walimtia hatiani Thomas Lubanga Dyilo, kiongozi wa kundi la UPC kutoka Ituri, mashariki mwa Kongo, kwa kuwaandikisha watoto wa chini ya miaka 15 na kuwatumia vitani. Julai mwaka huo alihukumiwa kifungo cha miaka 14. Mtu angetarajia kwamba mamilioni waliolia kwa ajili ya askari watoto juma lililotangulia wangelipuka kwa shangwe. Habari hiyo ilisomwa na wachache, na mabango yote yakaendelea kuwa ya Kony.

Kesi ya Lubanga ina somo ambalo wanaoandaa kampeni wangepaswa kulitafakari. Upande wa mashtaka uliwaleta vijana waliosema walikuwa askari watoto. Shahidi wa kwanza, Januari 2009, aliyakana maelezo yake hapohapo kizimbani, kabla ya kurudi wiki mbili baadaye. Mwishowe majaji waliona kwamba baadhi ya wasaidizi waliowatafutia waendesha mashtaka mashahidi huko Ituri huenda waliwashawishi vijana hao waseme yasiyokuwa, nao hawakuutegemea ushahidi wa wale waliojitambulisha kama askari watoto. Mtu akitaka sana hadithi ya mtoto mwenye bunduki, atapata wa kumletea. Hilo lilitokea katika mahakama yenye mawakili na majaji. Sembuse katika filamu ya nusu saa.

Kilichomfunga Lubanga, pamoja na mashahidi wengine, kilikuwa video. Ilipigwa tarehe 12 Februari 2003 katika kambi ya mafunzo ya Rwampara. Lubanga anaonekana akiwahutubia makuruta, na kati yao wamo watoto ambao jicho lolote linaona hawajafika miaka 15. Haina muziki wala msimuliaji, na aliyeipiga hakukusudia kumliza mtu. Ina mahali, tarehe, na nyuso. Majaji waliitazama, nayo ilisaidia kuwapa uhakika kwamba watoto walikuwamo na kamanda wao aliwaona kwa macho yake.

Leo stejini Kola simu zimejaa. Tangu waasi wa M23 walipouteka mji wa Goma, mashariki mwa Kongo, Januari 2025, na mji wa El Fasher wa Darfur, Sudan, ulipoanguka Oktoba mwaka huohuo, vijana wanatumiana kwenye makundi ya WhatsApp video za watoto waliobeba bunduki, pamoja na picha zilizotengenezwa na akili unde zenye machozi yaliyokolezwa. Jeshi letu lilikuwa Goma kwa takriban mwaka mzima, kuanzia Novemba 2022 hadi Desemba 2023, kwa hiyo vita hivyo si vya mbali hata kidogo. Kuna nyumba Machakos ambazo mtoto wao alikuwa huko na sare. Najua vijana wanasambaza kwa huruma ya kweli. Ninachowaomba ni kwamba kabla ya kusambaza wajiulize video imepigwa wapi na lini, aliyeonyeshwa anaomba nini, na kama ni mtoto, sura yake ikienea itamfuata akirudi kijijini au la.

Kumsikiliza kwanza mwenye jambo si kugeni huku kwetu: tuna desturi ya mwethya, kazi ya pamoja ya majirani. Majirani wakikusanyika kuchimba matuta, hakuna anayeanza popote apendapo. Mwenye shamba hutangulia, akaonyesha maji yanapopita na mahali mteremko unapokatika, ndipo majembe yanapoinuliwa. Vilima vya Machakos viliokolewa na mmomonyoko kwa njia hiyo, tuta kwa tuta, na wataalamu wa nchi nyingi wamekuja kujifunza.

Ukambani una kampeni yake ya zamani pia. Mwaka 1938 serikali ya kikoloni ilipowanyang'anya watu wa Machakos ng'ombe kwa kisingizio cha kulinda malisho, huku kiwanda cha nyama kikiwasubiri Athi River, Muindi Mbingu na Ukamba Members Association walifunga safari. Zaidi ya watu elfu moja, wanawake na watoto wakiwamo, waliandamana hadi Nairobi na kupiga kambi huko kwa wiki kadhaa wakitaka gavana awasikilize. Walisaidiwa na Isher Dass, mwanasiasa Mhindi wa Nairobi, na habari zao zikafika London na maswali yakaulizwa bungeni. Serikali ililegeza kamba juu ya ng'ombe, ingawa ilimfukuzia Mbingu Lamu. Mgeni alisaidia, na Uingereza ikasikia, ila mwenye ng'ombe ndiye aliyesema anachotaka. Miaka 77 baadaye, baada ya shambulio la Chuo Kikuu cha Garissa la Aprili 2015, Wakenya walifanya kitu cha jamii hiyohiyo mtandaoni: waliweka majina na picha za waliouawa, mmoja baada ya mwingine, chini ya #147notjustanumber, ili asiwepo hata mmoja atakayezikwa kama tarakimu.

Nikiipima KONY 2012 kwa haki, haikuwa bure. Washauri wa Marekani walibaki hadi mwaka 2017. Redio na vikaratasi vya kuwaita wapiganaji warudi nyumbani viliwatoa wengi porini. Kony mwenyewe hajakamatwa. Septemba 2025 ICC ilisikiliza mashtaka dhidi yake akiwa hayupo, na Novemba ikayathibitisha.

Aliyefika Hague ni kamanda wake, Dominic Ongwen, aliyejisalimisha Januari 2015. Alitekwa njiani kwenda shule akiwa mtoto mdogo. Mwaka 2021 alitiwa hatiani kwa makosa 61, likiwamo la kuwaandikisha watoto kama alivyoandikishwa yeye, akafungwa miaka 25. Mtoto wa kwenye bango na mtu mbaya wa kwenye bango ni mtu mmoja, na hakuna filamu ya kumweleza mtoto wa miaka mitano jambo hilo.

Februari 2024 mahakama iliamua kwamba wahasiriwa wa Ongwen, waliokadiriwa kuwa 49,772, walipwe fidia ya zaidi ya yuro milioni 52: yuro 750 za ishara kwa kila mmoja, pamoja na matibabu na miradi ya jamii zao. Ongwen hana mali. Mfuko wa wahasiriwa wa mahakama haukuwa na kiasi hicho, kwa hiyo majaji waliutaka uchangishe. Hili ni ombi la watu wenyewe wa kambi zilizoshambuliwa za Lukodi, Pajule, Odek na Abok, waliosimama mbele ya majaji wakasema walichopoteza. Kama kila mara KONY 2012 ilipotazamwa katika zile siku sita zingetoka senti 53 za yuro, fidia yote ingelipwa.