Kufunga Koltani Hakutazima Chipu Hata Moja

Swali ni lile lile hapa Tshopo, Yanonge kama Kisangani, sokoni kama katika kumbi za chuo kikuu, na huamka kila redio inapotangaza kesi mpya kati ya makampuni ya chipu. Kama wakubwa hao wanagombania mabilioni mahakamani, na kama chipu zao zinatoka kwenye koltani ya Congo, kwa nini Kinshasa isiifunge koltani miezi sita tu, wote waje kupiga magoti? Wanaouliza si wajinga. Wanajua hesabu, wanajua historia ya mpira na pembe za ndovu, na wamechoka kuiona nchi yao ikitoa kila kitu na kubaki mikono mitupu. Ndiyo maana wanastahili jibu la kweli badala ya kushangiliwa na kila mwanasiasa anayetafuta makofi. Jibu ni hapana. Dawa hiyo imekwisha kujaribiwa, aliyeumia ni mchimbaji wetu, na kuendelea kuihubiri kunatufanya tusione mahali ambapo nguvu ya biashara hii imekaa hasa: katika leseni.

Tuanze na kitu chenyewe. Koltani inatupa tantalumu, na kazi kubwa ya tantalumu katika vifaa vya elektroniki ni kutengeneza kapasita, yaani vipande vidogo vya kuhifadhi chaji vinavyokaa pembeni ya chipu kwenye ubao wa simu. Chipu yenyewe ni silikoni, inayopatikana kwenye mawe ya kwatzi. Ndani ya chipu tantalumu ni utando mwembamba wa nanomita chache unaozizuia nyaya za shaba zisiharibu kilicho jirani yake. Simu nzima haina hata gramu moja ya tantalumu. Migodi yote ya dunia hutoa tani elfu mbili na ushei kwa mwaka, Congo ikichangia karibu asilimia 40, na thamani ya mzigo huo wote, wetu na wa wengine, haifiki dola bilioni moja. Upande wa pili, kitengo cha leseni cha Qualcomm ya Marekani peke yake huingiza zaidi ya dola bilioni 5 kwa mwaka. Kitengo hicho hakisafirishi kilo wala kipande cha chochote, kinauza ruhusa. Mtu akiniambia kwamba mwenye mgodi ndiye mwenye chipu, nitamwomba aziweke namba hizo mbili pamoja kisha aendelee na hotuba yake.

Sasa tazama wanagombania nini. Arm, kampuni iliyoanzishwa Cambridge, Uingereza, mwaka 1990, ilijenga utajiri wake bila kutengeneza chipu. Imebuni lugha ya amri ambayo kichwa cha simu hufuata, pamoja na michoro ya vichwa hivyo, na inasema kwamba takriban asilimia 99 ya simu za kisasa duniani zinatumia usanifu wake. Kila mtengenezaji hulipia leseni, kisha hutoa mrabaha kwa kila chipu inayouzwa. Mwaka 2021 Qualcomm ilinunua Nuvia, kampuni changa ya wahandisi waliotoka Apple, kwa dola bilioni 1.4. Nuvia ilikuwa na leseni yake ya Arm na Qualcomm ilikuwa na yake, yenye masharti tofauti. Qualcomm ilipozichukua kazi za Nuvia na kuziingiza katika chipu zake, Arm ilisema leseni ya Nuvia haihamishiki bila idhini yake, na Agosti 2022 ikaenda mahakamani Delaware ikitaka kazi hizo ziharibiwe. Oktoba 2024 ilichukua hatua nzito zaidi: iliipa Qualcomm notisi ya siku 60 ya kuifuta leseni yake kuu, notisi ambayo baadaye iliiondoa. Fikiri maana yake. Kampuni yenye maelfu ya wahandisi, viwanda vya kuitengenezea chipu Taiwan na wateja dunia nzima ilitishiwa kusimamishwa kwa barua. Desemba 2024 jopo la raia liliamua kwamba chipu za Qualcomm zimo ndani ya leseni yake yenyewe, likashindwa kukubaliana kuhusu kosa la Nuvia, na Septemba 2025 jaji akaifuta hoja hiyo iliyobaki. Miaka mitatu ya mawakili, na kilichobishaniwa ni vifungu vya mkataba. Madini hayakuwa hoja.

Nayo si kesi ya pekee. Intel na AMD walitia saini makubaliano mwaka 1982 kwa sababu IBM haikutaka kumtegemea muuzaji mmoja wa chipu. Intel ilipokataa kumpa mwenzake chipu ya 386, ugomvi ulipitia kwa wasuluhishi hadi Mahakama ya Juu ya California, na mwaka 2009 Intel ikakubali kuilipa AMD dola bilioni 1.25 ili kumaliza mashauri mengine yaliyofuata. Apple iliishtaki Qualcomm Januari 2017 ikilalamikia mrabaha. Aprili 2019 walipatana, Apple ikalipa na kuchukua leseni ya miaka sita. Wakati wote huo Apple ilikuwa na fedha za kununua mgodi wowote duniani. Hazikuisaidia, kwa sababu alichokuwa nacho mpinzani wake hakichimbwi.

Wapo watakaosema: maneno matupu, hatujawahi kufunga kwa dhati. Tumefunga. Septemba 2010 Rais Joseph Kabila alisimamisha uchimbaji katika Kivu ya Kaskazini, Kivu ya Kusini na Maniema, inayopakana na Tshopo yetu, na marufuku hiyo ikadumu hadi Machi 2011. Miezi sita, ile ile ambayo watu wanaiomba leo. Hakuna kiwanda cha chipu kilichozimwa Taiwan, Korea wala Marekani. Waliokosa fedha za shule na za dawa ni familia za wachimbaji, huku madini yakiendelea kupita kwenye njia za magendo. Miaka kumi kabla ya hapo soko lenyewe lilitupa jaribio kubwa zaidi. Mwaka 2000 bei ya tantalumu ilipanda mara kadhaa kwa hofu ya uhaba, na kama nadharia hii ingekuwa na ukweli, huo ndio ulikuwa wakati wake. Wenye viwanda walifanya nini? Walinunua zaidi Australia, wakahamia kapasita za seramiki kila ilipowezekana, na mwaka 2001 bei ikaporomoka na kuwaacha wachimbaji wa Kivu mashimoni. Wanunuzi hawakurudi nyuma kabisa: kazi nyingi zilizofanywa na kapasita za tantalumu zamani leo zinafanywa na seramiki. Na leo nani atafunga? Rubaya, eneo kubwa kuliko yote la koltani nchini, limo mikononi mwa waasi wa M23 tangu Aprili 2024. Amri ya Kinshasa ingemfunga mchimbaji halali tu, na kumwachia soko lote mwenye bunduki. Anayependekeza hivyo kwa jina la uzalendo aeleze kwanza jambo hili.

Kuna pingamizi lenye uzito zaidi, nalo ni China. Je, haikuweka masharti ya kuuza galiamu nje mwaka 2023, na Desemba 2024 ikaizuia kabisa kwenda Marekani, na Wamarekani wakahangaika? Ni kweli kabisa. Lakini uliza galiamu inatoka wapi. Inachujwa wakati bauksiti inasafishwa kwa ajili ya kupata alumini, na sehemu kubwa ya bauksiti ya China inanunuliwa Guinea. Udongo ni wa Waafrika, nguvu ni ya Wachina, kwa sababu wao ndio wenye viwanda vya kusafisha na ndio wanaotoa karibu galiamu yote ya dunia. Mkulima wa Yanonge anaelewa haraka kuliko waziri: mpunga ukitoka shambani na maganda yake, bei anaipanga mwenye mashine ya kukoboa. Koltani yetu inaondoka ikiwa bado mchanga wa madini ndani ya magunia. Wengine watanitajia kobalti, ambayo Congo ilizuia kuiuza nje Februari 2025, kisha ikaweka viwango vya mauzo Oktoba, na bei ikapanda zaidi ya maradufu. Hiyo ni hatua ya maana na siipingi. Ila kobalti ni habari ya betri kuliko chipu, Congo inatoa karibu robo tatu ya kobalti yote ya dunia, na inatoka hasa katika migodi mikubwa yenye mizani na forodha. Hakuna hata moja kati ya sifa hizo tatu inayoihusu koltani.

Nisieleweke vibaya. Damu inayomwagika mashariki kwa ajili ya madini haya ni deni, na anayenufaika nayo lazima awajibishwe. Ila tuangalie ni njia gani iliyowahi kuleta senti. Juni 2000 majeshi ya Rwanda na Uganda yalipigana siku sita ndani ya Kisangani na kuua mamia ya raia. Hakuna mgodi uliofungwa uliowalipa watu wa Kisangani. Kilicholeta fedha ni kesi iliyofunguliwa mwaka 1999 kwenye Mahakama ya Kimataifa ya Haki, ambayo Februari 2022 iliiamuru Uganda kulipa dola milioni 325, kati yake milioni 60 kwa maliasili zilizoporwa, koltani ikiwamo. Kiasi ni kidogo kuliko machozi yetu, na malipo yalichelewa mno. Lakini yalitokana na hati, ushahidi na wanasheria waliokaa na shauri lao zaidi ya miaka ishirini. Malalamiko ambayo Congo iliyapeleka Paris na Brussels dhidi ya matawi ya Apple mwishoni mwa 2024, ambayo Apple inayakanusha, yako katika njia hiyo hiyo, na hata ofisi ya mashtaka ya Paris ilipoyatupa yale yaliyopelekwa kwake, walau yalikuwa yamebisha mlango unaofunguka.

Kwa hiyo swali la kuuliza ni jingine: leseni hizi zinatugusa vipi sisi? Zinatugusa kila siku. Tecno, Itel na Infinix zinazouzwa kando ya Mto Congo zote ni za Transsion ya Shenzhen, na nyingi zinatumia chipu za MediaTek ya Taiwan au Unisoc ya Shanghai, zilizojengwa juu ya usanifu wa Arm. Mwaka 2024 Qualcomm iliishtaki Transsion nchini India kwa kutumia hataza zake, au breveti kama tunavyosema huku, bila leseni. Moja ya hoja za Transsion ni kwamba wenye hataza hudai kiwango kimoja dunia nzima, hata kwenye masoko ya watu maskini na hata mahali ambapo hataza zao hazipo. Hapo ndipo masikio yetu yangepaswa kusimama. Hataza ina nguvu tu katika nchi ilimosajiliwa. Isiyosajiliwa Congo haimkatazi mtu kitu ndani ya Congo. Lakini mrabaha ukikokotolewa kwa bei ya dunia, mnunuzi wa Yanonge anaulipa ndani ya bei ya simu yake, akilipia haki ambayo pengine haipo kisheria katika nchi yake. Na nchi yenyewe haina chombo imara cha kulifuatilia hilo: sheria yetu ya mali ya viwanda ni ya tarehe 7 Januari 1982, na Congo haimo katika OAPI wala ARIPO, mashirika mawili ambayo kupitia kwayo nchi nyingi za Afrika husajili hataza kwa pamoja.

Yaliyobaki ni ya kutenda. Mwenye Itel: simu yako haitazimwa na kesi yoyote, kwa sababu anayeshindwa hulipa fedha au huzuiwa kuuza katika nchi ya kesi, na simu iliyokwisha kuuzwa Congo haiguswi. Akija mtu kukudai ada ya leseni ya chipu, usimpe; hata ile tozo ya RAM, yaani ya kusajili simu, iliyoanza 2020 ilifutwa 2022. Mwanafunzi wa uhandisi: jifunze RISC-V, usanifu ulioanzia Berkeley mwaka 2010 ambao yeyote anaweza kuutumia bila kulipia leseni, programu za kuchora chipu zipo za bure, na Nyeri, Kenya, kampuni ya Semiconductor Technologies tayari inafanya kazi ya chipu katika Chuo Kikuu cha Dedan Kimathi. Wakuu wa UNIKIS, Chuo Kikuu cha Kisangani: wekeni somo la mikataba ya leseni kati ya kitivo cha sheria na kile cha sayansi, halitawagharimu mashine yoyote. Serikali: kusafisha madini kwanza, na msizungumze habari ya kufunga kabla ya hapo. Nanyi wabunge wa Tshopo, sheria ya 1982 imepita miaka arobaini bila kuandikwa upya kwa ajili ya biashara ya leo. Ipelekeni bungeni katika kikao kijacho.